Ahadi Isiyohitaji Fedha

Ni desturi ya kila agombeaye uongozi katika nchi yetu kuwatangazia watu vipaumbele vyake. Neno hili tumelizoea mno hata hatuliulizi tena maana yake. Kipaumbele ni kitu kinachotangulizwa mbele ya vingine. Basi asemaye kwamba maji ndiyo yatakayotangulia, asema papo hapo kwamba kuna jambo lingine litakalobaki nyuma, na kwamba kuna watu watakaongoja. Lakini ni mara ngapi, wasomaji wetu, mmemsikia mgombea akiitaja sehemu hii ya pili? Twasikia barabara, zahanati, umeme, shule, soko, mikopo ya akina mama na ya vijana. Vyote ni vya kwanza, vyote vyaja pamoja, kama abiria wanaosukumana katika mlango mmoja wa basi. Wa nyuma hatajwi.

Twapenda leo kulichungua jambo hili, wala hatutawazungumzia wakubwa wagombeao Ikulu au Bunge. Hao wanao wasemaji wa kutosha. Twamtazama mdogo wao, yule agombeaye uenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, au udiwani wa kata. Maana huyo ndiye kiongozi ambaye familia nyingi humwona kwa macho, na ndiye tunayemsahau upesi kuliko wote siku ya kura ikiisha kupita.

Na ili tusizungumze hewani, tuichukue kata moja iwe kielelezo. Kata ya Baray iko katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, katika lile bonde la Mang'ola lililo kando ya Ziwa Eyasi. Ni nchi ya joto, yenye mvua chache, na maji ya ziwa lenyewe ni ya chumvi. Mbuyu humea huko, na mgunga. Mahindi hayana uhakika. Lakini kutoka milima ya Oldeani na Ngorongoro, ambako msitu huyapokea mawingu, maji hushuka chini kwa chini na kutokea bondeni kuwa chemchemi, kama ile ya Qangdend. Kwa maji hayo watu wamechimba mifereji, na kwa mifereji hiyo wamelima vitunguu ambavyo sifa yake imefika Arusha, Dar es Salaam na hata Nairobi. Kitunguu kimewaita watu wa kila namna. Wairaqw wamo, Wadatoga na ng'ombe wao wamo, Waihanzu wamo, na wengine wengi waliotoka mbali kutafuta riziki. Nao Wahadzabe, waliokuwapo kabla ya wote hao, wangali wakiishi kando ya ziwa hilo kwa mawindo, asali, mizizi na matunda ya porini.

Sasa tumfikirie mgombea mmoja wa mahali kama hapo. Hatumpi jina, kwa sababu hatumsemi mtu fulani, twamfikiria tu. Asimama mbele ya watu chini ya mti na kutaja vipaumbele vyake: barabara ya lami hadi Karatu, maji ya bomba kila kitongoji, kituo cha afya, walimu wa kutosha. Watu wapiga makofi, nao wana haki ya kupiga, kwa maana hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichohitajika. Gari likikwama njiani na mzigo wa vitunguu, huoza. Mama mjamzito akicheleweshwa barabarani, hatari yake twaijua sote.

Lakini tuulize: katika hivyo alivyovitaja, kipi kimo mikononi mwake? Barabara kubwa za mikoa ni za Wakala wa Barabara, nazo barabara ndogo za wilaya na vijiji, tangu mwaka 2017, zimewekwa chini ya TARURA. Maji ya kunywa vijijini, tangu sheria ya mwaka 2019, yamewekwa chini ya RUWASA. Walimu na waganga huajiriwa na serikali kuu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ni ya halmashauri ya wilaya; nayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024 kwa amri iliyotoka juu, wala hakuna mwenyekiti wa kijiji aliyeulizwa. Mgombea wetu basi ameahidi ng'ombe wa zizi la jirani.

Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Ni kweli, lakini deni ni la aliyelikopa, naye hulipa kwa mali yake. Mtu akiahidi kitu kisicho chake, ahadi yake ni ombi lililovikwa nguo ya ahadi. Wala hatusemi kwamba ombi ni jambo baya. Diwani anayekwenda wilayani kuidai barabara ya watu wake, akarudishwa, akaenda tena, afanya kazi njema. Twataka tu aliite jambo kwa jina lake. Aseme: haya nitayaomba kwa niaba yenu, wala siwezi kuwaahidi jibu, na haya mengine nitayafanya mwenyewe, nanyi mnidai.

Yapo hayo mengine? Yapo, na ni makubwa. Nchi yetu imewahi kuonja hasara ya kuyadharau. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema wazi kwamba kuzivunja serikali hizo, pamoja na vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kwa sheria hiyo ya 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 hutenda kazi kwa niaba yao. Na mkutano huo haupaswi kupitisha miezi mitatu bila kuitwa. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kama mdhamini wa wenyeji wote. Huo si uwezo mdogo. Mwenyekiti asiye na senti moja kifuani mwa kijiji bado ana neno katika ardhi, katika zamu, katika sheria ndogo, na katika daftari la mapato.

Tuanze na maji, si ya bomba bali ya mfereji. Chemchemi haiongezeki kwa sababu mashamba yameongezeka. Mwenye shamba karibu na chanzo huyapata maji kwanza. Akiwa na pampu, huyapata pia usiku, na siku isiyo zamu yake. Mwenye shamba mwishoni mwa mfereji hungoja, na kitunguu hakingoji. Mbele zaidi yuko mfugaji na mifugo yake, ambaye miaka ya kiangazi huukuta mfereji ni vumbi. Magomvi ya bonde hili yana vyanzo vingi, lakini ukiyafuata mengi utafika majini.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba hapa sheria imekwisha kutaja vipaumbele ambavyo wagombea wetu hawavitaji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yaweka utaratibu: kwanza mahitaji ya binadamu ya nyumbani, pili maji yanayopaswa kubaki kwa uhai wa mto na mazingira yake, ndipo zije shughuli za uchumi. Kitunguu basi, pamoja na fedha zake zote, ni cha tatu. Nayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hata hivyo hatujapata kusikia mgombea akisimama chini ya mti na kusema: nikichaguliwa, pampu iliyo kwenye chanzo itaondoka, zamu zitaandikwa, na wa mwisho mferejini atapata siku yake hata kama wa kwanza atanuna.

Kwa nini hatusikii? Si kwa kukosa fedha. Kuandika zamu hakugharimu fedha. Gharama yake ni uadui. Mwenye pampu ni mtu mwenye nguvu. Aghalabu ndiye aliyechangia gari la kampeni, au ni shemeji, au ni mgombea mwenyewe. Na hapa yatupasa tumtendee haki huyu kiongozi mdogo, maana mzigo wake wazidi ule wa mkubwa. Mbunge akimkasirisha mtu, hupanda gari akaenda Dodoma. Mwenyekiti wa kijiji aliyemzuia jirani maji leo, atakutana naye kesho dukani, Jumapili kanisani, na mwezi ujao msibani, wote wawili wameshika jeneza moja. Ujasiri unaotakiwa kijijini hauna wapiga picha, nao hudaiwa kila siku.

Lakini yawezekana. Wala hatuendi mbali kutafuta mfano. Katika Wilaya ya Ngorongoro, Wabatemi, ambao wengi wetu twawaita Wasonjo, wamemwagilia mashamba yao kwa vizazi vingi chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji, wenye kazi ya kugawa zamu na kuwaadhibu waivunjao. Haikuwa haki kamili, na tusiipambe: wenye zamu bora walizirithi, na asiye nazo aliomba au alilipia. Ila kila mtu alijua siku yake, na alijua ni nani wa kumlalamikia. Huko ng'ambo, katika mji wa Valencia nchini Hispania, wakulima wa mifereji wanayo mahakama yao ya maji, ya kale sana. Kila Alhamisi adhuhuri waamuzi, ambao ni wakulima waliochaguliwa na wenzao, huketi mbele ya Mlango wa Mitume wa Kanisa Kuu. Mshitaki husema, mshitakiwa hujibu, hukumu hutolewa papo hapo kwa mdomo, na hakuna wakili. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Twaitaja kwa sababu yaonyesha kilichowatosha watu wale: siku inayojulikana, mahali panapojulikana, na kesi kusikilizwa mbele ya macho ya wote. Mwenyekiti wa kijiji cha bonde la Eyasi aweza kuvipata vyote vitatu bila kumwandikia mfadhili barua.

Baada ya maji, gunia. Mkulima wa vitunguu aliyengoja zamu, akanunua mbegu na dawa kwa mkopo, akavuna, hukutana na dalali na ile lumbesa tunayoijua sote: gunia limejaa, kisha laongezewa kichuguu juu na kushonwa kwa kamba, nalo lahesabiwa gunia moja. Sheria ya Vipimo yakataza. Mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Sheria ipo, na lumbesa ipo. Mwenye kijiji kimoja akikaza uzi, mnunuzi huvuka kwenda kijiji cha pili, na wakulima humlaumu aliyekaza. Hapo ndipo kazi ya diwani inapoonekana, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wote wa vijiji huketi. Vijiji vyote vikikubali sheria ndogo moja na siku moja ya kuianza, mnunuzi hana pa kukimbilia ndani ya kata. Mzani wahitaji fedha, twakubali. Lakini hautashinda mapato ya ushuru wa msimu mmoja.

Na tukiutaja ushuru, twafika kwenye daftari. Ushuru wa mazao hukusanywa mbele ya macho ya wakulima, nao wakulima hawajui ulikokwenda. Halmashauri ya wilaya ndiyo iukusanyayo, na sehemu inayorudi kijijini, pamoja na michango ya wananchi wenyewe, yapasa isomwe katika mkutano wa kila miezi mitatu: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, nani alikipokea. Mgombea anayesema nitaleta maendeleo, na asiyesema nitasoma hesabu, twamshauri mpiga kura amwulize swali moja tu kuhusu jambo hilo, kisha autazame uso wake anapojibu.

Tumewaacha nyuma Wahadzabe, na si kwa bahati tu. Hivyo ndivyo wanavyoachwa. Jumla yao wote, katika wilaya zote wanamoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, ni watu wapatao elfu moja na mia chache. Kwa hesabu ya kura hawamwinui wala hawamwangushi mgombea. Shamba likipanuliwa kuingia porini, mkulima ahesabu magunia yaliyoongezeka. Mhadzabe ahesabu mibuyu na mizinga ya nyuki asiyoweza kuifikia tena. Halmashauri ya Kijiji ndiyo mdhamini wa ardhi hiyo, na mdhamini hapewi dhamana kwa ajili ya wenye sauti tu. Wako watu watakaotwambia kwamba maendeleo hayawezi kungoja mawindo. Huenda. Lakini yeye asemaye hivyo na aseme hadharani, mbele yao, jambo hili litakuwa la kwanza na ninyi mtakuwa wa mwisho, kwa sababu hii na hii. Tukilazimika kulisema hivyo kwa maneno kamili, huenda midomo yetu ikawa mizito, na uzito huo una faida.

Twajua tutakavyojibiwa: mgombea wa namna hiyo hatachaguliwa. Akitaja atakaongoja, waliotajwa watampigia kura mwenzake. Ni kweli kwa kiasi fulani, na hapo lawama si ya mgombea peke yake. Katika uchaguzi wa mwaka 2000 na wa 2005 nchi yetu ilikuwa na sheria iliyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006. Sheria ilitenguka kwa siku moja. Mazoea hayatenguki hivyo. Baba wa familia aliyepokea kilo mbili za sukari na khanga ya mkewe amekwisha kulipwa. Mkutanoni ataanzaje kuuliza habari za pampu?

Liko jibu la pili, zito kuliko hilo. Wengine watasema: mnazungumzia ahadi, na hali kura yenyewe haina ushindani. Hatuwezi kulifumbia macho. Jimbo la Karatu lilichagua wabunge wa upinzani tangu 1995 hadi 2020, na watu wake wajua maana ya kushindanisha wagombea. Lakini katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao walienguliwa, na katika ule wa tarehe 27 Novemba 2024, ambamo malalamiko hayo yalisikika tena, chama tawala kilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji nchini. Pasipo mshindani, ahadi hupoteza mdai wake. Twaliona hilo kuwa jeraha, wala halitibiwi na kijiji peke yake.

Hata hivyo si kweli kwamba limemwondolea mwanakijiji kila kitu. Mkutano Mkuu wa Kijiji hauulizi ulimpigia nani kura, wala kama ulipiga. Aliyepita bila kupingwa bado anatakiwa kuuita kila miezi mitatu, na aliyeshinda kwa kura moja vilevile. Humo ndimo yale mambo matatu yasiyohitaji fedha yanapoweza kudaiwa, iwe kuna uchaguzi au hakuna. Tena akina mama, ambao ndio wachotao maji na wapaliliao vitunguu, wana haki ya kusema humo sawa na mtu yeyote, ingawa twaona mara nyingi wameketi pembeni na watoto, mkutano umeishia kwa wanaume wanane walio mbele.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu wa Baray, na wa kila kata inayofanana nayo, wasiingojee kampeni ya mwaka 2029. Mkutano ujao ukiitwa, mmoja wenu asimame na kuomba mambo haya yaingizwe katika ajenda kwa maandishi: orodha ya zamu za maji, kuanzia shamba la mwisho kurudi la kwanza, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, hesabu ya robo mwaka isomwe kabla ya hotuba yoyote, na diwani aulizwe ni lini Kamati ya Kata itaketi kuhusu lumbesa. Mtendaji ataandika muhtasari. Ombeni msomewe kabla hamjatawanyika, na mwenye shamba la mwisho awepo.